Kanivali Ikiisha: Vurugu za Sherehe Ndani ya Vitabu

Katika hadithi fupi ya Edgar Allan Poe, "The Cask of Amontillado", iliyotoka mwaka 1846, mtu anajengewa ukuta akiwa hai, na kwa nusu karne hakuna anayegundua. Mauaji hayo yasingewezekana katika majira mengine ya mwaka. Mji wa Italia umo katika kanivali: watumishi wa nyumba wameshatoroka kwenda kusherehekea, muuaji amevaa kinyago na hakuna anayemtazama mara mbili, na Fortunato, anayepelekwa kuuawa, amelewa chakari huku amevaa mavazi ya mchekeshaji na kofia yenye njuga. Njuga hizo ndizo sauti ya mwisho kutoka nyuma ya ukuta.

Alexandre Dumas alitumia mbinu hiyo hiyo katika Le Comte de Monte-Cristo, riwaya iliyochapishwa kwa mfululizo kati ya 1844 na 1846. Kanivali ya Roma inafunguliwa kwa mtu kuuawa hadharani kwa rungu, kisha kengele zinalia na watu walewale waliokuwa wakitazama wanaanza kurushiana maua. Usiku wa mwisho, kijana Albert anamfuata msichana mrembo wa shamba, kumbe ni mvulana wa genge la majambazi, na anatekwa.

Katika visa hivi viwili kanivali ni pazia. Mwandishi anahitaji giza, kinyago na umati uliolewa, naye anavipata vyote kwa pamoja. Ni matumizi halali, na Poe ameyafanya kwa ustadi mkubwa, lakini si hapo penye utata. Utata umo katika vitabu ambavyo kanivali ndiyo kisa chenyewe, ambavyo vurugu za sherehe zinabeba maana ya kitabu kizima. Wasomaji wengi huvisoma vibaya kwa sababu huchukulia vurugu na kanivali kuwa kitu kimoja.

Vurugu haina tarehe. Inazuka, inasambaa, na hakuna ajuaye itakoma lini. Kanivali ina kalenda. Katika nchi za Kikatoliki inakuja siku za mwisho kabla ya Kwaresima, na kila anayecheza anajua kwamba Jumatano ya Majivu inamsubiri. Johann Wolfgang von Goethe, aliyeishuhudia kanivali ya Roma mwaka 1788, aliandika kwamba hiyo si sikukuu ambayo watu hupewa, bali ni sikukuu ambayo watu hujipa wenyewe. Anasimulia jioni ya mwisho, ambapo kila mtu barabarani hubeba mshumaa na kujaribu kuzima wa mwenzake huku akimtakia kifo asiye na moto. Mtoto anauzima mshumaa wa baba yake na kupiga kelele kwamba mzee auawe. Baba anamkemea, na mtoto anazidisha kelele. Kesho yake baba atakuwa baba na mtoto atakuwa mtoto.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kwenda Roma kulielewa hilo. Mtani anapoingia kaburini msibani na kukataa kutoka mpaka alipwe, wafiwa hawaiti polisi. Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila mwezi Julai katika Mwaka Kogwa wanaume wa pande mbili hutandikana kwa mabua ya migomba, wanawake huimba nyimbo za kukejeliana, na kibanda huchomwa moto. Nani afanye nini, wapi, na mpaka lini, kila mmoja anajua. Ukiingia na panga badala ya bua la mgomba, umeshatoka kwenye sherehe.

Basi kanivali ni vurugu yenye dari. Kitabu kinachohusu kanivali huwa kinatuuliza kuhusu dari hilo: nani kaliweka, linamlinda nani, na inakuwaje likivunjika.

Mtu aliyeifanya kanivali kuwa suala la uhakiki wa fasihi ni Mrusi Mikhail Bakhtin, aliyezaliwa 1895 na kufariki 1975. Alikamatwa chini ya utawala wa Stalin, akapelekwa uhamishoni Kazakhstan, na mwaka 1938 akakatwa mguu kwa maradhi. Katika hali hiyo aliandika tasnifu kuhusu kicheko. Aliiwasilisha Moscow mwaka 1940, vita vikaichelewesha, ilipojadiliwa mwaka 1946 wakubwa wa chuo waligawanyika vibaya, na shahada ya juu aliyostahili akanyimwa. Kitabu chenyewe kilichapishwa mwaka 1965, yeye akiwa mzee wa miaka sabini.

Bakhtin alikuwa anamsoma François Rabelais, mtawa wa zamani na daktari wa hospitali ya Lyon, aliyetoa Pantagruel mwaka 1532 na Gargantua miaka michache baadaye. Vitabu hivi vinahusu majitu. Karibu na kanivali, mama yake Gargantua anakula utumbo wa ng'ombe kupita kiasi, na mtoto anazaliwa kupitia sikio lake la kushoto huku akipiga kelele za kutaka kinywaji. Ng'ombe waliochinjwa kwa ajili ya karamu hiyo walikuwa 367,014. Baadaye jitu hilo linakwenda Paris, linaudhiwa na watu wanaolishangaa, linapanda juu ya minara ya kanisa kuu na kuwazamisha kwa mkojo watu 260,418, bila kuhesabu wanawake na watoto. Kisha linachukua kengele za kanisa ili limvishe farasi wake shingoni.

Kwa karne nyingi wasomi waliona haya kuwa ni uchafu wa enzi ya ujinga uliochanganywa na hekima. Bakhtin akasema hapana, uchafu ndio hekima yenyewe. Tumbo, kinywa, mkojo, uzazi na kifo vinakaa pamoja kwa sababu mwili wa kanivali haujakamilika: unameza na kutoa, unakufa na kuzaa. Kumshusha askofu mpaka kwenye utumbo ni kumrudisha mahali ambapo viumbe wote huanzia. Tusi la kanivali, kwa maelezo yake, linaua na kuzaa kwa wakati mmoja. Na katika kanivali hakuna jukwaa: hakuna anayetazama huku wengine wakicheza. Anaitofautisha na sikukuu za serikali na kanisa, ambazo watu hupangwa kwa vyeo ili waone kwamba dunia haitabadilika. Siwezi kusoma kurasa hizo bila kuyaona magwaride ya Moscow ya miaka ya 1930, ambayo Bakhtin hakuthubutu kuyataja.

Nadharia hiyo ilipendwa mno, na kupendwa mno kuliidhuru. Kuanzia miaka ya 1970 ilitosha mhakiki aone ulevi na kinyago ndani ya riwaya, naye angetangaza kwamba mamlaka yamepinduliwa. Pingamizi dhidi ya wazo hilo ni la kale kuliko Bakhtin, naye alilijua. Mwaka 1444 wanateolojia wa Paris waliandika waraka wa kulaani Sikukuu ya Wapumbavu, ambayo makasisi wa vyeo vya chini walikuwa wakiigiza ibada kwa dhihaka ndani ya makanisa. Waraka huo unanukuu hoja ya watetezi wa sherehe: mapipa ya divai hupasuka yasipofunguliwa mara kwa mara yapate hewa, na sisi tu mapipa ya namna hiyo. Yaani fujo ya siku moja inailinda nidhamu ya mwaka mzima. Mwanaanthropolojia Max Gluckman alirudi kwenye wazo hilo mwaka 1952 alipozungumzia mila za kusini mashariki mwa Afrika ambazo mfalme wa Waswazi huimbiwa nyimbo za chuki na raia wake. Uasi wa kimila, alisema, huuimarisha ufalme.

Hapo ndipo mjadala umesimama kwa miaka mingi: kanivali ni mbegu ya mapinduzi au ni hewa ya pipa? Naamini swali hilo limekaa vibaya. Linaifanya kanivali iwe na tabia moja mahali pote, kana kwamba ingejibu kabla watu hawajaingia barabarani.

Emmanuel Le Roy Ladurie, mwanahistoria Mfaransa, alionyesha hivyo mwaka 1979 katika kitabu chake kuhusu kanivali ya Romans, mji mdogo wa kusini mashariki mwa Ufaransa, mwaka 1580. Mafundi wa mji walikuwa wamechoshwa na kodi ambazo matajiri walikwepa. Kiongozi wao, Jean Serve aliyeitwa Paumier, fundi wa vitambaa, aliingia kwenye baraza la mji amevaa ngozi ya dubu na kuketi kwenye kiti kisicho chake. Kanivali ilipofika, mitaa ikajigawa katika falme za wanyama: matajiri wakachukua ndege wa fahari, maskini wakachukua wanyama wa chini kama sungura na jogoo aliyehasiwa. Mafundi wakacheza barabarani na panga, mafagio na miti ya kupuria nafaka, wengine wakiwa wamevaa mavazi ya mazishi, wakiimba kwamba matajiri wamenenepa kwa jasho la maskini.

Je, ngoma hiyo ilikuwa mzaha au tishio? Matajiri waliamua ni tishio: tutafagiliwa, tutapurwa, tutazikwa. Usiku wa tarehe 15 Februari, wakitoka kwenye dansi yao ya vinyago, watu wa hakimu Antoine Guérin walimuua Paumier na kuanza kuwasaka wenzake. Mauaji yaliendelea kwa siku kadhaa, na wakulima wa vijijini waliwindwa baadaye. Waliovunja dari, basi, hawakuwa wale waliokuwa wakipiga kelele za kuwameza matajiri. Na masimulizi marefu zaidi ya tukio hilo yanaaminika kutoka kwa Guérin mwenyewe, aliyepanga mauaji. Le Roy Ladurie ilimbidi amsikilize maskini kupitia kinywa cha muuaji wake.

Kuna upande mwingine ambao Bakhtin aliupita haraka mno. Kicheko cha kanivali hakikupanda juu kwa wafalme tu, kilishuka pia kwa wanyonge. Kuanzia 1466, chini ya Papa Paulo wa Pili, Wayahudi wa Roma walilazimishwa kukimbia mbio katika kanivali huku umati ukiwazomea. Jambo hilo lilikoma mwaka 1668 tu, Papa Klementi wa Tisa alipolibadilisha kuwa kodi. Hawakuwa wachezaji, walikuwa mchezo. Mtu akisema kanivali haina watazamaji wala jukwaa, hawa nao wakumbukwe. Riwaya nzuri kuhusu kanivali ni zile zinazomtafuta mtu aliyeachwa nje ya ngoma.

Sijui riwaya inayofanya hivyo vizuri kuliko The Dragon Can't Dance ya Earl Lovelace wa Trinidad, iliyotoka mwaka 1979. Ili kuielewa inafaa kujua kanivali ya kisiwa kile ilikotoka. Wenye mashamba kutoka Ufaransa walikuwa na dansi zao za vinyago majumbani. Utumwa ulipofutwa mwaka 1834, na kipindi cha kazi za lazima kilipoisha mwaka 1838, waliokuwa watumwa waliichukua barabara kwa mienge, ngoma na mapigano ya fimbo. Mwaka 1881 polisi wa Port of Spain wakiongozwa na Kapteni Baker walijaribu kuwazuia, na wakapigana nao. Baadaye serikali ya kikoloni ikabana ngoma, watu wakapiga mianzi, na katika miaka ya 1930 na 1940 wakaanza kupiga vyombo vya bati na mapipa ya mafuta, mpaka ikazaliwa ala ya pani tunayoijua leo. Katika historia hiyo kanivali haikuwa hewa ya pipa. Ilikuwa mali iliyopiganiwa.

Lovelace anaanzia hapo na kuuliza: mali hiyo imebaki kuwa nini? Katika mtaa wa Calvary Hill, Aldrick Prospect hana kazi ya kudumu, lakini kila mwaka anashona vazi la joka, gamba moja moja, akitia ndani yake historia ya babu zake. Kwa siku mbili anapita barabarani akitisha watu, na anaonekana. Siku nyingine zote haonekani. Bibi Cleothilda, anayejiona bora kuliko majirani kwa wepesi wa rangi yake, msimu ukikaribia anakuwa mkarimu ghafla na kutangaza kwamba sote ni kitu kimoja. Lovelace hamdhihaki. Anatuonyesha tu kwamba umoja huo una tarehe ya kuisha, na majirani wanaijua tarehe yenyewe.

Halafu yupo Pariag, Mhindi aliyetoka mashambani kuja kuishi mtaani hapo akitamani kuwa mmoja wao. Ananunua baiskeli, wenzake wanaona anajikweza, na baiskeli inavunjwavunjwa. Kauli kwamba sote ni kitu kimoja haikumhesabu. Kila nikizisoma kurasa za Pariag naona kwamba Lovelace amesema kuhusu mipaka ya kanivali jambo ambalo vitabu vingi vya nadharia havijalisema.

Kampuni zinaanza kudhamini bendi za pani, na Fisheye, mbabe wa mtaa, anafukuzwa kwenye bendi aliyoipigania kwa ngumi. Kanivali inapoisha yeye na wenzake hawakubali iishe. Pamoja na Aldrick wanateka gari la polisi na kuzunguka mjini kwa siku kadhaa wakihutubia kwa kipaza sauti. Watu wanawatazama. Hawana mpango, hawajui wapi pa kwenda, na mwishowe wanakamatwa na kufungwa. Ni gerezani ambako Aldrick anaelewa kwamba walikuwa bado wanacheza joka. Gari hilo lilikuwa vazi jingine, nao walikuwa wakiwaomba wakubwa wawaone. Akitoka hashoni tena. Mwandishi hasemi kanivali ni ya bure, wala hasemi ni mapinduzi. Anasema ilimfundisha mtu kusimama wima, lakini haikumfundisha la kufanya akishasimama.

Kwenye pwani yetu kuna kitabu cha historia kinachostahili kusomwa kando ya hivi: Feasts and Riot cha Jonathon Glassman, cha mwaka 1995, kuhusu miji ya Waswahili kati ya 1856 na 1888. Pangani ya wakati ule, karamu na ngoma za mashindano zilikuwa ndiyo mahakama ya heshima. Mwenye mji alithibitisha uungwana wake kwa kulisha watu. Mtumwa, mtu wa mashamba na mgeni kutoka bara walidai nafasi yao mjini kwa kuingia ngomani, na wakubwa walihangaika kuwafungia mlango. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilipokuja kutwaa utawala na kumtweza liwali wa Sultani, ilikuta mji ulio katika siku za Iddi Kubwa. Wajerumani waliyaita yaliyofuata uasi wa Waarabu. Glassman anaonyesha umati wa watu wa kawaida, wenye ugomvi na Wajerumani na vilevile na mabwana wao, wakitumia desturi za karamu walizozizoea: kudai, kukejeli, kuingia palipokatazwa. Abushiri bin Salim, kiongozi wa vita hivyo, alinyongwa Desemba 1889, na jina lake ndilo tunalofundishwa shuleni. Umati ule wa sikukuu haukupata jina.

Ngũgĩ wa Thiong'o aligeuza mambo yote haya kichwa chini. Akiwa gereza la Kamiti mwaka 1978 aliandika kwa siri, kwenye karatasi za chooni, riwaya ya Kigĩkũyũ iliyochapishwa 1980 kama Caitaani Mũtharaba-inĩ, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1982 kwa jina Shetani Msalabani. Kitovu chake ni karamu katika pango la Ilmorog: mashindano ya wezi na wanyang'anyi wa kisasa, mbele ya wageni kutoka Marekani, Ulaya na Japani. Mshindani mmoja mmoja anapanda, anajitambulisha kwa wake zake, magari yake na tumbo lake, kisha anajigamba jinsi anavyoiba. Mmoja anapendekeza hewa ifungwe kwenye mikebe wauziwe wakulima. Mwingine anataka matajiri watengenezewe vinywa na mioyo ya ziada ili wafaidi zaidi.

Matumbo, vinywa, majigambo, takwimu za ajabu: Rabelais angejiona nyumbani. Ila mwenye kicheko amebadilika. Hapa maskini hawamchezi tajiri. Tajiri mwenyewe ndiye kavua kinyago na kufanya kanivali, akijua hana wa kumwogopa. Wangarĩ, mwanamke maskini katika riwaya hiyo, anapokwenda kuwaita polisi waje kuwakamata wezi, polisi wanamkamata Wangarĩ. Mkameruni Achille Mbembe aliyaweka haya katika nadharia mwaka 1992: katika dola nyingi za Afrika baada ya uhuru, ulafi, matusi na maonyesho ya mwili mnene si silaha za raia peke yao, ni lugha ya watawala pia, na raia anayewacheka huku akicheza katika karamu yao hawaondoi. Anaishi nao nyumba moja. Nadhani Ngũgĩ alikuwa ameliona hilo kutoka selo yake, kwa sababu wafanyakazi wake hawakomei kwenye kucheka. Wanaandamana mpaka pangoni na kuwatimua wezi, na askari wanakuja na risasi.

Vurugu za Euphrase Kezilahabi katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) ni za aina nyingine kabisa na zinahitaji makala yake. Humo wakati wenyewe umepoteza mpangilio, hakuna kalenda wala Jumatano ya Majivu, na mwalimu anayeziita kanivali darasani anawapotosha wanafunzi.

Shetani Msalabani haiishii pangoni. Ngũgĩ anaruka miaka miwili, kisha anamfikisha Warĩĩnga, mhusika mkuu wa riwaya, kwenye karamu nyingine, ya heshima, ya familia ya mchumba wake, ambako baba mkwe mtarajiwa anageuka kuwa yule mzee tajiri aliyemharibia usichana wake. Hakuna anayejigamba kwamba yeye ni mwizi, hakuna mashindano, wageni wamekaa kwa adabu zao. Humo ndimo Warĩĩnga anatoa bastola na kumpiga risasi mzee, tena bila kucheka.